Kukaa na Mungu na Namna Tunavyoyatazama Maisha

Ndugu mapadri, wachungaji, masista na walei wa Kisangani,

Nimeombwa nieleze jinsi muda ambao Mkristo anakaa na Mungu unavyoubadili mtazamo wake. Mji wetu hauna upungufu wa sala. Kuanzia Makiso hadi Mangobo mikesha haikauki, na vipaza sauti huwanyima usingizi hata wasiosali. Shaka yangu ni kwamba tunampelekea Mungu orodha: kazi, ndoa, visa, adui aanguke. Tunaingia na orodha, tunatoka nayo ileile. Kuomba si kosa. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba chakula cha kila siku. Ila kukaa na mtu ni zaidi ya kumwomba kitu. Anayekaa na Mungu huanza, polepole, kuhuzunishwa na yale yanayomhuzunisha Mungu, na hapo fedha, jirani na hata adui huonekana kwa sura nyingine.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa mfanyakazi wa OCC huko Goma, ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa kijana aliyesomea sheria, tena mwanajumuiya wa Sant'Egidio, ambako watu hukutana kusali na kulisikiliza Neno, kisha huwaendea maskini. Yeye aliwaendea watoto wa mtaani, wale ambao Goma huwaita maibobo. Mwaka 2007 alizuia shehena ya chakula kilichoharibika. Akaletewa rushwa, akakataa. Wakamshinikiza, hakulegea. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma.

Hebu tuisogelee meza yake. Karatasi ya kibali ni ileile kwa kila mtumishi, muhuri ni uleule. Mtumishi ambaye mshahara wake umechelewa angeona katika karatasi hiyo karo ya watoto wake, na nani kati yetu angemrushia jiwe? Floribert aliwaona walaji. Inajulikana kwamba aliulizia kwanza chakula kile kingewadhuru vipi watu. Kwa maoni yangu, kazi ya sala ndiyo hiyo: ilimpa kumwona mtu asiyekuwa mbele yake, mama atakayenunua kilo moja sokoni bila kujua imetoka wapi.

Karibu zaidi nasi yupo Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, sista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Hakuwa mtu wa maono makubwa. Alifundisha shule, akapika, akatunza sakristia, na katika daftari lake dogo aliandika maazimio yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, kanali mmoja wa waasi wa Simba alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, na alipokuwa akipigwa alitamka kwamba anamsamehe. Maiti yake ilipofukuliwa baada ya miezi kadhaa, sanamu ndogo ya Bikira Maria ilikutwa mfukoni. Msamaha wa namna ile hautungwi katika dakika moja ya hofu. Uliandaliwa jikoni na sakristiani, miaka mingi kabla.

Ndugu zetu Waprotestanti wanamkumbuka daktari Helen Roseveare wa Nebobongo. Alishikwa na Simba mwaka huohuo, akapigwa na kudhalilishwa. Mwaka 1966 alirudi Kongo, akafundisha wauguzi huko Nyankunde.

Wahubiri wa mafanikio hawapendi mifano hii, na sababu yake naielewa: wawili kati ya hao watatu walikufa vijana, na wa tatu alirudi katika nchi ileile alikoumizwa. Sala haikuwaondolea hatari.

Sasa tuje mjini mwetu, Lubunga, ng'ambo ya mto. Tangu mwaka 2023 watu wa makabila ya Wambole na Walengola wamemwaga damu kwa ajili ya ardhi, maelfu wakazikimbia nyumba zao, na wengi wamevuka mto kuja upande huu. Pande zote mbili wapo waliobatizwa, wanaoimba nyimbo zilezile Jumapili. Ikiwa bado tunaulizana kabila kabla ya kugawa kikombe cha mchele kwa waliohamishwa, basi mikesha yetu haijatufikisha popote.

Simtwishi mtu mzigo. Mama anayetoka alfajiri na beseni la sombe, na kijana anayekanyaga toleka, baiskeli ya abiria, kutwa nzima, hawana saa tatu za kukaa kanisani. Wana robo saa kabla nyumba haijaamka: kifungu kimoja cha Injili, kimya kidogo, na swali moja, kwamba uamuzi wangu wa leo utamwumiza nani.

Vikundi vitakapokaa mchana huu, naomba vianzie Lubunga. Mmbole awaombee Walengola, Mlengola awaombee Wambole, kwa sauti, mbele ya wenzake. Kisha tupange ni nani watavuka mto wiki hii kuwatembelea wahanga wa pande zote mbili.