SWALI LA NYONGEZA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, siku ya mkutano wa mwaka)

Nimeombwa niseme habari ya kazi yangu. Kwa kuwa mimi si waziri wala mbunge, bali ni mtumishi wa Serikali tu, nitasema juu ya jambo dogo ninalolifahamu: namna jibu la waziri kwa swali la mpinzani linavyopikwa, nani hulipika, na nini hutokea likiwa bichi.

Wengi wenu mmesikiliza Bunge redioni au mmeliona katika televisheni. Asubuhi saa tatu, baada ya dua, huanza maswali. Mbunge husimama akaomba swali lake namba fulani lijibiwe. Waziri au naibu wake huenda kwenye kisemeo, husema "Mheshimiwa Spika," kisha husoma. Msikilizaji hudhani kwamba waziri amelijua jambo lile tangu kuzaliwa kwake. Sivyo. Swali la msingi huletwa wizarani kwa maandishi siku kadhaa kabla. Hupokelewa masijala, hufunguliwa jalada, hupelekwa kwa mkurugenzi, naye humtafuta kijana wa kuandika rasimu. Rasimu hupanda ngazi hadi kwa Katibu Mkuu, kisha kwa Waziri. Kila ngazi hukata neno na kuongeza neno. Lakini habari yenyewe, yaani idadi, tarehe, jina la kijiji, aghalabu ni ile aliyoiweka yule kijana wa kwanza.

Haki ya kuuliza si hisani ya Serikali. Katiba yetu, Ibara ya 63, inasema kwamba Bunge linaweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano humo ndani. Tangu mwaka 2008, kila Alhamisi ya kikao, Waziri Mkuu naye huulizwa maswali ya papo kwa papo ambayo hakuletewa kabla.

Wanafunzi wa historia wakumbuke pia kwamba maswali hayakuanza na vyama vingi. Wakati wa chama kimoja walikuwapo wabunge waliowatoa mawaziri jasho. Sheria ya vyama vingi ilikuja mwaka 1992, na baada ya uchaguzi wa 1995, kati ya viti 232 vya majimbo, CCM ilipata 186 na upinzani 46. Hapo ndipo kambi ya upinzani ilipoanza kuwauliza mawaziri Bungeni. Na hapo ndipo baadhi yetu maofisini tulipojifunza tabia moja mbaya: kutazama kwanza nani ameuliza, ndipo tutazame ameuliza nini.

Nami niliikuta tabia hiyo nikaivaa. Ilikuwa mwaka 2009, nina miaka minne tu kazini, digrii yangu bado inang'aa. Lililetwa swali la mbunge wa upinzani juu ya maji katika vijiji vitatu vya jimbo lake: je, ni lini Serikali itawapatia wananchi wale maji safi? Mkubwa wangu aliandika pembeni ya jalada maneno haya: "Mwulizaji ni mpinzani. Tujibu kwa uangalifu." Mimi nilielewa kwamba uangalifu maana yake ni kutompa nafasi ya kusema.

Nilifungua taarifa ya utekelezaji iliyotoka wilayani. Ilisema visima sita vimechimbwa na vitano vinatoa maji. Nilifurahi kama mvuvi aliyenasa changu. Nikaandika kwamba Serikali ilikwisha kutekeleza mradi huo, na wananchi wa vijiji hivyo wanapata huduma. Mzee mmoja wa masijala, ambaye hakusoma kupita darasa la nane, alipokuwa akilifunga jalada aliniuliza: "Bwana mdogo, umepiga simu huko kijijini?" Nikamjibu kwamba taarifa imepigwa mhuri. Akasema, "Mhuri haunywi maji," akaondoka zake.

Siku ya kujibu nilikuwamo Bungeni Dodoma, katika viti wanavyokaa maofisa ili kumpelekea waziri vikaratasi anapokwama. Naibu Waziri alisoma jibu langu kwa sauti nzuri. Wabunge wakapiga makofi. Kisha mwulizaji akasimama kwa swali la nyongeza. Hakufoka. Alisema kwamba Jumapili iliyopita alilala katika kimojawapo cha vijiji hivyo. Kwamba kati ya visima sita, kinachotoa maji ni kimoja. Na kwamba vingine pampu zake zilikwisha kuharibika kabla ya taarifa ile kuandikwa. Halafu akauliza: "Je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kufuatana nami tukanywe maji hayo pamoja?"

Ukumbi ulicheka. Naibu Waziri akageuza shingo kututazama. Ndugu zangu, nimefanya mitihani mingi, na baadhi yake niliifanyia katika ukumbi huu huu, lakini sijapata kushika kalamu ikawa nzito namna ile. Sikuwa na cha kuandika kwenye kikaratasi.

Yule Naibu Waziri angeweza kusema kwamba mbunge anatafuta umaarufu. Upande wake ulikuwa mwingi, na angepigiwa makofi tena. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba yuko tayari kwenda, na kwamba akikuta mambo ni tofauti na alivyoeleza, atarudi mbele ya Bunge kusahihisha. Jioni ile aliniita. Nilitegemea kufukuzwa. Akaniambia, "Utakuja na mimi."

Tulikwenda. Visima tulivyovikuta ni kama alivyosema mbunge. Mama mmoja mwenye ndoo mbili alipoambiwa kwamba mimi ndiye niliyeandika jibu, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ni wewe uliyesema kwamba tunakunywa?" Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Lakini aibu yangu si kitu. Jambo kubwa nililijua baadaye, nilipofuatilia fedha za matengenezo. Niliambiwa kwamba vijiji vile havikuwa tena katika maombi ya mwaka uliofuata. Kwa nini? Kwa sababu Bunge lilikwisha kuambiwa kwamba mradi umekamilika! Mwenzangu wa idara nyingine alinionyesha nakala ya maneno yangu mwenyewe kutoka katika taarifa rasmi ya Bunge, kama ushahidi wa kukataa fedha. Naibu Waziri alirudi akasahihisha kama alivyoahidi, lakini bajeti ilikuwa imekwisha kupita. Watu wale walingoja kiangazi kingine kizima.

Vijana, lishikeni hilo. Jibu la uongo Bungeni halimshindi mpinzani. Yeye hurudi nyumbani akanywa chai. Linalofunga ni mlango wa yule aliyemtuma aulize.

Nitataja mambo mawili ya taifa mjue kwamba hali hii si ya visima tu. Mwaka 2007 mbunge wa upinzani, Ndugu Zitto Kabwe, alileta Bungeni hoja juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London mwaka huo huo. Alimtuhumu waziri kusema uongo, na Bunge likamsimamisha yeye mbunge. Kwa hesabu ya kura Serikali ilishinda siku ile. Lakini je, swali lilikufa? Novemba mwaka huo huo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuangalia mikataba ya madini, na yule yule aliyesimamishwa akateuliwa kuwa mjumbe. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4.

Mwaka 2014 mbunge mwingine wa upinzani, Ndugu David Kafulila, alilisemea Bungeni tena na tena suala la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, huku akibezwa. Mkaguzi Mkuu akakagua, Kamati ya Hesabu za Serikali ikatoa taarifa yake mwezi Novemba. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu. Swali lisilojibiwa halifi, ndugu zangu. Hungoja kama deni, na riba yake huongezeka.

Sisemi kwamba kila mpinzani husema kweli. Nimeona maswali yaliyoulizwa kwa ajili ya kamera tu, na nimeona takwimu zilizookotwa njiani. Mtumishi wa Serikali ana haki na wajibu wa kukanusha uongo. Lakini akanushe kwa habari aliyoihakikisha, si kwa kutazama rangi ya chama.

Tena yako mabunge ambayo wapinzani wake ni wachache mno, kama lile lililotokana na uchaguzi wa 2020. Katika mabunge ya namna hiyo wapo watumishi wanaopumua wakidhani kazi imekuwa nyepesi. Mimi nasema imekuwa nzito zaidi. Palipo na mtu wa kuuliza swali la nyongeza, kosa lako litajulikana asubuhi ile ile. Pasipo na mtu huyo, kosa lako litaishi katika vitabu kana kwamba ni kweli, na wa kulikamata ni wewe peke yako.

Wanafunzi, nanyi mna midahalo yenu ya Ijumaa. Nasi tulikuwa nayo, na mimi nilipenda sana upande unaopinga hoja kwa sababu ulishangiliwa zaidi. Nawaomba mambo matatu. Kwanza, anayekuuliza msikilize mpaka mwisho kabla hujauliza yeye ni wa bweni gani. Pili, kabla hujaandika "limekamilika," nenda kaone, au mtume mtu unayemwamini akaone. Tatu, ukikosea, rudi pale pale uliposemea kosa ukalisahihishe, mbele ya wale wale waliokupigia makofi.

Tangu mwaka ule sijaandika rasimu ya jibu bila kupiga simu mahali penyewe, na vijana walio chini yangu hunilalamikia kwa hilo. Yule mzee wa masijala alistaafu zamani. Sikupata kumwambia kwamba alikuwa na haki, kwa hiyo nimekuja kuwaambia ninyi.