Nyimbo Tulizookota Ngara

 

Sisi watunzi wa kwaya tumeombwa tueleze nyimbo zetu hutoka wapi. Nyingi hutoka kwenye njia ya kuja mazoezini. Kuna anayeshukia Globe, kuna anayepitia Park Road, na kuna anayefunga kibanda chake soko la Fig Tree ndipo aje, amechoka, sauti imekauka kwa kuita wateja. Kila mmoja hufika na neno alilolisikia. Tunaliweka mezani kabla ya kugusa kinanda.

Chukueni jina la mboga yetu, sukuma wiki. Aliyelibuni alikuwa mtunzi kutuzidi sisi sote: maneno mawili tu, na ndani yake mna mshahara ulioisha na siku ambazo hazijaisha. Kutokana na jina hilo tulitunga wimbo wa mama mboga anayerauka kwenda Marikiti, akarudi na gunia, akauza nusu kwa pesa na nusu kwa daftari la madeni.

Wengine waliuliza kama daftari la madeni lina mahali pake madhabahuni. Swali halikuwa baya. Tuliwakumbusha Luka 15, yule mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta shilingi moja. Ikiwa ufagio umeingia katika Injili, daftari nalo lisizuiwe mlangoni.

Swali gumu zaidi lilitoka kwa mwenye daftari. Wimbo wa maisha ya kila siku humgusa mtu mwenye jina na jirani zake. Marehemu Joseph Kamaru, aliyekuwa na duka la muziki River Road, hapo chini tu, aliimba kuhusu mwalimu na mwanafunzi wake, walimu wakakasirika hadi wakatishia kugoma. Kwa hiyo desturi yetu ni kumwimbia mhusika kwanza. Tulikwenda kibandani jioni, watu wanne, bila kinanda. Mama akasikiliza hadi mwisho huku akikata mboga za mteja. Kisha akasema, "Ni mzuri. Lakini ubeti wa tatu utoke."

Ubeti huo ulikuwa wa mteja anayekuja gizani, kwa aibu, kukopa tena kabla hajalipa la jana. Hatukumtaja jina. "Nyinyi hamkumtaja," mama akasema, "lakini yeye atajijua. Na huwa anakaa kiti cha nyuma, kanisani kwenu."

Ulikuwa ubeti bora kuliko yote, na besi walikuwa wameupenda sana. Tuliutoa. Ndiyo maana wimbo huo una beti mbili, halafu tunavumisha sauti midomo ikiwa imefungwa, muda wa ubeti mzima. Wengi wenu mmetuuliza kwa nini.

Kazi nyingine ni ya lugha yenyewe. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, tulitaka wimbo wa wanaovuka. Tukakwama kwenye neno lenyewe. "Barabara", mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukihamia silabi ya pili, ni sawasawa, bila kasoro. Tuni yetu ya kwanza iliangukia silabi ya pili, kwa hiyo "tunavuka barabara" ikawa tunavuka vizuri kabisa, jambo ambalo mtu yeyote aliyevuka pale saa kumi na mbili jioni atalipinga. Vijana walicheka, kisha wakaipenda. Mwishowe tukaacha zote mbili: soprano na alto wanaimba njia, teno na besi wanajibu kwamba tutafika salama. Ukisikiliza haraka utadhani hatukukubaliana.

Leo mtasikia nyimbo zote mbili, ule wa barabara baada ya sadaka na ule wa sukuma wiki kabla ya keki. Mama mboga amekubali kuja, ila ametuomba tusimsimamishe mbele ya watu. Karatasi za solfa ziko mlangoni kwa wanakwaya wa zamani watakaopenda kuimba nasi. Midomo ikifungwa, tafadhali nanyi fungeni.