Taabu ya Kumeza Chakula

Katika nchi ya wafugaji kama Sericho, ugonjwa wa umio waweza kujificha nyuma ya maziwa. Umio ni ule mrija uchukuao chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Uanzapo kuzibwa, kwanza nyama hukwama, kisha ugali na wali, na mwishowe hata uji hurudi. Lakini maziwa na chai huendelea kupita muda mrefu. Basi mzee aliyeacha nyama hasemi neno, wala jamaa zake hawashangai. Wadhani ni uzee. Miezi hupita, mwili wakonda, naye hufika hospitali siku ambayo maji hayapiti.

Hapana budi jamaa waangalie sahani. Mtu ambaye chakula kigumu chamkwama mara kwa mara kwa muda wa majuma mawili au matatu, yafaa aende kituo cha afya, wala asingoje kukonda.

Si kila taabu ya kumeza ni saratani. Asidi ya tumbo ipandayo, utando mweupe wa kinywani, hata kidonge kilichomezwa bila maji ya kutosha, huweza kuumiza umio, na yote hayo yana dawa. Hata hivyo saratani ya umio ni miongoni mwa saratani ziuazo watu wengi sana Kenya. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, wamepatikana hata vijana wasiotimiza miaka 30. Dawa ya kiungulia iliyonunuliwa dukani haitambui tofauti.

Kitambuacho ni mpira mwembamba wenye taa na kamera, upitishwao kinywani, ambao daktari hukatia kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Si kila hospitali inao. Kwa hiyo mgonjwa aombe barua ya rufaa mapema, kabla mvua haijaharibu njia ya Garbatulla na Isiolo. Ugonjwa ukiwahiwa, huweza kukatwa. Ukichelewa, huko Tenwek madaktari wamewatilia wengi bomba la wavu ndani ya umio, wakapata kula tena.

Mwaka 2016 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye moto uzidio nyuzi 65 yaelekea huleta saratani hiyo. Chai haina kosa. Ipoe kidogo tu. Tumbaku na pombe hazina udhuru huo.

Mfupa au nyama ikikwama, na mtu akashindwa kumeza hata mate yake, asilazimishwe tonge la ugali ili kuisukuma. Apelekwe hospitali siku ile ile.