Kichwa Hakidanganyi: Kutambua Fuvu la Ng'ombe na la Nyati



Nyama ikishachunwa na kukatwa vipande, hata mchinjaji mzoefu hawezi kuapa kwa macho tu kwamba ni ya ng'ombe wala si ya nyati. Nao nyati hawako mbali: wapo katika Mbuga ya Taifa ya Meru, Hifadhi ya Mwea na msitu wa Mlima Kenya. Kinachofichua ukweli ni kichwa.

Meno hayasaidii. Ng'ombe na nyati wote wana meno 32, na wote hawana meno ya mbele juu. Cha kupima ni nafasi kati ya mashina ya pembe. Kwa ng'ombe, pembe huota kando ya utosi, na katikati kuna ukingo mpana wa mfupa. Kwa nyati dume aliyekomaa, mashina hupanuka yakafunika paji la uso kama kofia ya chuma, na nafasi inayobaki ni ndogo sana.

Nyati jike na ndama hawana kofia hiyo kamili. Basi fuvu litazamwe kwa nyuma. La ng'ombe hufika utosini penye pembe, kisha hukatika ghafla kuelekea kisogoni. La nyati huteremka kwa mviringo, na nyuma ya pembe hubaki kipande cha fuvu.

Nyati maji wa Asia, anayeonekana pichani akilima mpunga, ni mnyama mwingine. Pembe zake hupinda kuelekea nyuma, bila kofia.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Nyati hubeba vimelea vya jamii ya ndigana kali bila kuugua. Kupe akivipeleka kwa ng'ombe, ng'ombe hufa. Kimeta nacho huua nyati na ng'ombe, na humpata mtu anayechuna au kula mzoga.

Kwa hiyo kichwa kifike kwa mkaguzi pamoja na mzoga. Yeye pia hukata misuli ya taya kutafuta viini vya tegu. Mwenye bucha asipokee nyama isiyo na muhuri. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza biashara ya nyama ya porini.

Anayeokota fuvu asiliguse kwa mikono mitupu. Amwarifu chifu, afisa wa mifugo au KWS.