Kuchagua Amplifaya na Kasha la Spika kwa Mpiga Solo

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kunena nanyi habari ya chombo ambacho watu wengi hukiona jukwaani wasikitazame, maana macho yao yako kwa mwimbaji. Chombo hicho ni amplifaya ya gitaa, pamoja na kasha la spika zake. Twanena hasa na kijana apigaye gitaa la solo, na wenzi wake waliochanga fedha kidogo kidogo, nao wataka kununua mara moja tu, kwa kuwa fedha ya kununua mara ya pili haipo.

Desturi ya wengi wakiingia dukani ni kuuliza, "Ina wati ngapi?" Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Sikio la mwanadamu halihesabu kama karani ahesabuvyo fedha. Amplifaya ya wati 100 haitoi sauti mara mbili ya ile ya wati 50; huizidi kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji hukitambua wala hashangai. Ili sauti isikike kuwa maradufu, yapasa wati ziongezwe kama mara kumi.

Sasa itazameni spika. Spika njema huandikiwa na mtengenezaji wake kiasi cha sauti itoayo ikipewa wati 1, sauti hiyo ikipimwa kwa umbali wa mita 1. Moja huandikwa desibeli 97, nyingine desibeli 100. Tofauti yaonekana ndogo, lakini ile ya pili ikipewa wati 20 hutoa sauti sawa na ya kwanza ikipewa wati 40. Basi aliyebadili spika amepata kama aliyenunua amplifaya yenye nguvu maradufu, na amplifaya yake haikuguswa. Kwa hiyo twasema wazi: fedha ikiwa haba, ipunguzwe kwanza katika wati, si katika spika.

Tena spika ya gitaa si sawa na spika ya muziki wa nyumbani. Ile ya nyumbani yataka kutoa sauti zote kwa usawa, nzito na nyembamba. Hii ya gitaa, yenye koni ya karatasi ya upana wa inchi 12, sauti yake hufifia upesi ikipita mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na kufifia huko ni faida, maana hupunguza ule ukali wa nyuzi uchomao masikio. Zinazobaki mbele ni sauti za kati, na humo ndimo solo ikaamo. Besi na ngoma kubwa zimeshika chini, matoazi yameshika juu. Mpiga solo akiwa peke yake chumbani hupenda kuongeza uzito wa sauti, naye huiona tamu. Bendi ikianza, solo yake yazama asiisikie mtu. Hapo hulaumiwa amplifaya, kumbe kosa ni la mkono uliozungusha kitufe.

Kama mtu ashuku kwamba spika na kasha vina nguvu hiyo yote, na asikie habari hii. Mwaka 1962 Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ngoma huko Hanwell, magharibi ya London, alitengenezewa na mafundi wake amplifaya ya kwanza. Mzunguko wake wa umeme waliuiga katika amplifaya ya Marekani iitwayo Fender Bassman. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 ndani ya kasha lililo wazi nyuma. Ile ya London hatimaye iliunganishwa na kasha lililofungwa pande zote, lenye spika nne za Celestion za inchi 12. Valvu nazo zilitofautiana kidogo, lakini mzunguko ulikuwa karibu ule ule; na sauti zake hakuna azisikiaye akadhani ni kitu kimoja.

Kasha lililo wazi nyuma hutoa sauti mbele na nyuma, ikaenea chumbani, hata mpiga ngoma akaisikia. Lililofungwa huisukuma sauti mbele, ikawa nzito na yenye kishindo. Katika ukumbi mdogo sisi twapenda lililo wazi. Uwanjani, ambako hapana ukuta wa kurudisha sauti, lililofungwa lafaa zaidi. Ubao wake uwe wa plaiwudi. Ule wa chembe za mbao zilizogandamizwa ni mzito zaidi, tena ukinyeshewa mvua juu ya paa la basi huvimba na kumeguka.

Haya, na wati je, hazina kazi? Zinayo, ila si ile idhaniwayo. Amplifaya ya valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo ziwakazo kama taa, ikilazimishwa kupita nguvu zake huanza kukwaruza. Wapigaji wa bluzi na wa roki wa Uingereza na Marekani huutafuta mkwaruzo huo makusudi, nao wati 15 au 20 huwatosha. Solo ya kwetu ni nyingine. Ukisikiliza Dokta Nico wa Kongo, au Mbaraka Mwinshehe aliyeng'ara na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano hata alipofariki mwaka 1979, waweza kuhesabu noti moja moja, kila moja safi. Usafi huo wataka akiba ya nguvu, ili ngoma ikipamba moto gitaa lisikwaruze. Basi wati twazinunua kwa ajili ya usafi kuliko kwa ajili ya kelele.

Kwa kazi hiyo Fender Twin Reverb, ya wati 85 na spika mbili za inchi 12, imesifiwa tangu miaka ya 1960. Ni kweli, lakini ina uzito wa karibu kilo 30, na valvu zake hazipendi barabara mbovu. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, hutumia transista, nayo ni safi mno ingawa uzito wake haupungui sana. Wako wanaodharau transista. Sisi hatuwafuati: kwa bendi isafiriyo na kupiga muziki safi, transista yenye spika mbili njema ndiyo tungeichagua. Na mahali penye vipaza sauti vikubwa, ambapo maikrofoni huwekwa mbele ya spika ya gitaa, Deluxe Reverb ya wati 22 yatosha kabisa.

Kasha likinunuliwa mbali na amplifaya, hapana budi kutazama omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4; zikiunganishwa kwa mfululizo huwa omu 16. Katika amplifaya ya valvu, omu za kasha zilingane na zile zilizoandikwa nyuma yake, wala isiwashwe kamwe bila spika, maana transfoma yake yaweza kuungua. Ile ya transista haidhuriki kwa omu nyingi, bali kwa chache kupita kiasi. Na wati za spika zote zikijumlishwa zisiwe chini ya wati za amplifaya.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la uhai. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Ikichomekwa bila transfoma ya kupunguza umeme, itaungua. Pini ya tatu ya plagi, ile ya waya wa ardhi, isikatwe kwa kutaka kuondoa mvumo. Iko siku mpigaji atashika nyuzi kwa mkono huku midomo yake ikigusa maikrofoni, na umeme ukipata njia hiyo humwua mtu. Wala asiifungue asiye fundi: ndani ya amplifaya ya valvu umeme wa mamia ya volti waweza kubaki hata baada ya plagi kung'olewa.

Mkienda dukani, chukueni gitaa lenu wenyewe. Mmoja apige, mwingine asimame hatua kumi mbele ya kasha, kisha ajongee pembeni asikie sauti ibadilikavyo. Siku ya dansi likalisheni kasha juu ya kiti au liinamisheni nyuma, lielekee masikio ya mpigaji. Likiwa chini hupiga miguu yake, naye kwa kutojisikia huongeza sauti, na walio safu ya mbele huumia.