RISALA YA MWENYEKITI: MFUKO WA JAMII NA KIPIMO CHA HOMA YA INI



Habari za hisa na mikopo mmekwishazisikia kwa mweka hazina. Sisi tunalo jambo moja la mfuko wa jamii.

Mwenzetu mmoja akiwa mjamzito alipimwa kliniki, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Nyumbani kikombe chake kikatengwa, na maneno ya kurogwa yakaanza. Jamani, ugonjwa huu hauji kwa kula pamoja. Unakuja kwa damu, kwa kujamiiana, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Lakini kwa watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, 9 hivi hubaki navyo maisha yote, na ini linaweza kuharibika polepole.

Kile kipimo cha haraka cha kliniki kinajibu ndiyo au hapana tu. Ni kama kuambiwa ghala lako lina panya. Ni wawili au mia mbili, hujui. Kipo kipimo kingine, cha wingi wa virusi, ambacho huhesabu virusi katika kila mililita ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unasema mjamzito mwenye yuniti 200,000 au zaidi apewe tenofovir, dawa ya kumeza, ili kumkinga mtoto. Mtu mzima mwenye zaidi ya 2,000, na vipimo vya ini viko juu, naye aanze dawa. Mwenye vichache hafukuzwi, anarudi kupimwa kila baada ya muda.

Kipimo hicho kilitaka nauli na fedha ambazo mwenzetu hakuwa nazo. Pamba ilikuwa bado shambani. Tulibishana kutwa nzima. Wengine walisema mfuko ni wa misiba. Mama mmoja akauliza, kwani tunangoja afe ndipo tuchange? Basi tukachanga. Virusi vilikutwa vingi, akaanza dawa, mtoto akachanjwa, na alipotimiza mwaka alipimwa akakutwa hana. Tangu hapo mfuko unakopesha kipimo hicho bila riba. Wengi wetu humu tumezaliwa kabla ya 2002, chanjo hii ilipoanza kutolewa kwa watoto wachanga nchini, kwa hiyo utotoni hatukuipata.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni hili. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zinaweza kupima na wingi wa virusi hivi, zikiwekewa katriji zake. Tunaomba katriji hizo ziletwe Simiyu, au damu yetu isafirishwe na majibu yaturudie hapa Bariadi, kuliko mama mwenye mimba kupanda basi.