Mkoba wa Dalali wa Viwanja



Kijana mmoja wa Majimoto, kule Mpimbwe mkoani Katavi, ameniletea swali. Anataka kuingia katika biashara ya viwanja na mashamba, lakini hana mtaji wa kununua hata robo ekari. Anauliza anunue vifaa gani vya kuanzia. Mwenyewe amekwisha kutaja vitatu: simu nzuri, pikipiki, na kadi zenye jina lake.

Biashara anayoitaka si ngeni. Unamkuta mwenye shamba anayetaka kuuza, mnapatana bei, mnaandikiana, unamwachia kianzio kidogo. Kabla siku mlizopeana hazijaisha unatafuta mnunuzi wa bei kubwa zaidi, unampa yeye nafasi yako, na tofauti ndiyo chakula chako. Sisi tunaiita cha juu. Nchini Marekani ni kazi kamili yenye semina zake, na imeleta malalamiko kiasi kwamba jimbo la Illinois mwaka 2019 liliwataka wanaoirudia kuwa na leseni, na Oklahoma ikatunga sheria yake mwaka 2021.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1983, marehemu Edward Sokoine alipowakaba walanguzi, watasema huu ni ulanguzi uliovaa tai. Mimi sifiki huko. Mwenye mpunga wake shambani hana nafasi ya kuzunguka Mpanda na Sumbawanga akitafuta mnunuzi, na anayemtafutia amefanya kazi. Na kazi hiyo sasa ni ya wananchi: amri ya Serikali ya Julai 2025 iliyowafungia wasio raia biashara 15 iliutaja pia udalali wa nyumba na ardhi.

Sasa tuje kwenye mkoba. Pikipiki isubiri, za kukodi zipo. Kitu cha kwanza ni futi kamba, ile ndefu ya mafundi. Vijijini kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 80 atapata mita 56 kila upande, yaani mita za mraba 3,136. Mrefu anayetupa mita nzima atapata 4,900. Ekari halali ni kama 4,047. Kati ya mfupi na mrefu pamepotea mita za mraba 1,764, ambazo ni zaidi ya viwanja vinne vya mita 20 kwa 20, na wote wawili wataapa kwamba wamepima ekari moja. Ndiyo maana wanunuzi wengine huja na mpimaji wao mwenye miguu mirefu! Dalali mwenye kamba anamaliza ubishi huo asubuhi moja, majirani wa pande zote nne wakiwa wamesimama mpakani.

Cha pili ni gambuti. Bonde la Rukwa mwezi wa Agosti ni kavu na tambarare, kila mahali panafaa nyumba. Nenda Februari. Mahali palipoitwa kiwanja utakuta jaruba, na mpunga umesimama ndani ya maji. Usimwonyeshe mtu ardhi ambayo hujaikanyaga masika.

Cha tatu ni daftari gumu, kalamu ya wino na karatasi za kaboni. Mapatano ya ardhi yasiyoandikwa ni vigumu kuyatetea mbele ya sheria. Andika jina la muuzaji, vipimo, majirani, bei, kianzio na tarehe ya mwisho. Andika kwa Kiswahili anachokielewa. Mke au mume wake naye atie sahihi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Kama wake ni wawili, uliza nyumba hiyo ni ya nani.

Lakini kuna kitu ambacho hakiuzwi dukani, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Ukitoka katikati ya Majimoto ukaingia mashambani, unakanyaga ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Huko makaratasi hayapasiwi kama mpira. Halmashauri ya Kijiji lazima ikubali ardhi ihame, na inataka kumjua anayehamia. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema katika kesi ya mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ya kibali hicho ni bure. Kwa hiyo wewe wa katikati ukikwepa ofisi ya Mtendaji ili cha juu chako kisijulikane, unamuuzia mgeni hewa. Atajenga, na siku moja ataitwa barazani. Fedha zako utakuwa umekwisha kuzila.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaofundisha kazi hii kwamba siri ndiyo mtaji. Muuzaji wa Majimoto mara nyingi ni mtu aliyepata dharura: mgonjwa, ada ya shule, msimu mbaya. Anaijua bei ya gunia la mpunga, lakini bei ya kiwanja cha barabarani haijui, kwa kuwa hajawahi kuuza. Ukimpa nusu ya thamani na kumficha kwamba mnunuzi wako anasubiri mgahawani, sheria inaweza isikukamate. Ila kijiji kitajua, maana kikao cha Halmashauri kina watu na watu wana midomo. Mwambie mapema: mimi si mnunuzi, ninatafuta mnunuzi, na nikipata zaidi ya kiasi hiki, kinachozidi kitakuwa changu au tutagawana. Wapo watakaokataa. Watakaokubali watakuletea na shemeji zao.

Kwa hiyo kijana wangu, kadi zenye jina zisubiri pamoja na pikipiki. Futi kamba, gambuti, daftari, kaboni. Na ile nakala ya chini ya kaboni, yenye bei zote mbili, abaki nayo muuzaji.